Waya Usio na Pindo

Mtaa mzima unamwita Mama Pindo, na hata waliomfahamu kabla ya jina hilo wameshasahau lile alilopewa na wazazi wake. Ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, na sifa yake ni moja: ukimpelekea kitambaa cha sketi ya mtoto, atakurudishia sketi yenye pindo la vidole vinne, limekunjwa kwa ndani na kushonwa kwa mkono, linasubiri mtoto arefuke. Mtoto akirefuka, mama yake anarudi, pindo linakunjuliwa kidogo, na hakuna aliyenunua kitambaa kipya. Wapo wasichana wa mtaa ule waliomaliza shule na sketi moja tu.

Kazi hiyo alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mkali aliyekuwa na rula ya mbao, na rula ile ilipima viganja vya wanafunzi kuliko ilivyopima vitambaa. Ole wako ukate nguo bila kuacha kitu. Shangazi alikuwa akisema kitambaa kikishakatwa hakikui, mtoto anakua, na asiyeliona hilo akatafute kazi nyingine. Somo lilimwingia binti mpaka likavuka mipaka ya cherehani. Akipika, anaongeza kikombe kwa ajili ya mgeni ambaye hata hodi hajapiga. Akikwambia basi linaondoka saa mbili, jua una muda wa kunywa chai ya pili. Ukimuuliza upana wa kitanda, atakutajia upana wa kitanda na vidole vinne juu yake, wala hatakwambia kwamba ameviongeza. Mazoea yana taabu.

Aliyezijua hesabu hizo ni mtu mmoja tu, mumewe. Mzee huyo aliitumikia kazi ya kuvuta nyaya za simu tangu ujana mpaka kustaafu, mkanda kiunoni, viatu vyenye meno, juu ya nguzo kutwa nzima. Walikutana kwa sababu ya suruali. Aliteleza nguzoni, suruali ya kazi ikachanika kuanzia goti kwenda chini, akakimbilia kibanda cha kwanza chenye cherehani. Msichana aliyekuwa humo akaikata miguu ya ile suruali na kuishona upya, na kwa mazoea yake akaacha pindo. Kijana akaichungulia kwa ndani, akacheka.

"Dada, mimi sikui tena," akamwambia.

"Huwezi kujua," msichana akajibu, wala macho hakuyainua.

Wiki iliyofuata kijana akarudi pale bila nguo yoyote ya kushona, na shangazi mtu akaona mambo. Tangu waoane, mke anaongeza na mume anapunguza, na nyumba imesimama. Mke akisema wageni ni kumi, mume anapanga viti vinane, na wageni wanaenea. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Lilikuwa linajiendesha.

Jioni zao zilikuwa za mazungumzo. Mama Pindo akikanyaga cherehani pale dirishani, mumewe anavuta kiti chake chenye mikono, anakaa karibu, anaanza: nguzo fulani iliyokuwa na nyuki, bwana mmoja aliyetaka waya wa simu upite juu ya paa la jirani aliyegombana naye, na mengine ambayo mkewe alishayasikia mara nyingi na bado aliyasahihisha katikati. Watoto wao watatu walilala na kuamka katika sauti hizo mbili na mlio wa cherehani. Walipooa na kuolewa na kuhamia mbali, mazungumzo yalibaki. Mama Pindo hakuwa mtu wa kujisifu, lakini moyoni alijua ana kitu ambacho wanawake wengi wa rika lake hawana: mume anayeongea naye.

Kisha masikio ya mzee yakaanza kupoteza usikivu. La kushoto lilikwenda kwanza, likaenda lote. La kulia likabaki na nusu ya nusu. Daktari wa masikio alimwambia Mama Pindo kwamba mgonjwa asipigiwe kelele, asogelewe tu, na aongeleshwe kwa upande wa kulia, taratibu. Mama Pindo akaitikia. Akarudi nyumbani akapiga kelele, maana huwezi kukanyaga cherehani hapa na ukamsogelea mtu pale. Kifaa kidogo cha kutia sikioni kilinunuliwa pia, kikawa kinapiga mluzi, mzee akakitumbukiza kwenye kopo la vifungo vya mkewe na hakikutoka tena.

Ndipo binti yao mkubwa akaleta hedifoni. Zilikuwa zile kubwa zinazofunika sikio zima, nyeusi, zenye mito laini, wanazovaa watu wa kurekodi muziki. Awali alitaka kuleta zisizo na waya, baba yake akakataa kabisa. Mtu aliyevuta nyaya maisha yake yote hawezi kukiamini kitu kinachosema bila waya. Basi binti akaleta zenye waya, na waya wenyewe ulikuwa mrefu ajabu, maana wanamuziki wanapenda kuzunguka chumbani. Ulitoka kwenye redio iliyokaa juu ya kabati pembeni kule, ukavuka sakafu, ukapita chini ya meza, ukafika dirishani kwenye kiti cha mzee, na bado ulibaki wa kujikunja miguuni pake.

Mzee akafufuka. Alisikia taarifa, alisikia mpira, alisikia hadi mtangazaji akivuta pumzi. Ila alipozivaa asubuhi, alizivua usiku. Alikaa palepale karibu na mkewe, lakini mdomo haukufunguka. Mama Pindo akimsemesha, anatikisa kichwa na kutabasamu, tabasamu lile la kumpa mtu asiyemjua. Mwanzo alifurahi kwa ajili yake. Baadaye akaanza kuona wivu, na kumwonea wivu msoma taarifa ni jambo ambalo mwanamke mzima hawezi kumweleza shoga yake. Akajiambia: kachoka na sauti yangu, kapata nyingine.

Siku ya balaa alikuwa anawahi sare za watoto wa jirani. Alikanyaga cherehani kwa nguvu, na waya uliokuwa umelala sakafuni ukanaswa na gurudumu, ukazungushwa kama uzi kwenye bobini. Hedifoni zikamruka mzee kichwani. Kule pembeni redio ikavutwa, ikadondoka kabatini na kutoa mlio wa kuvunjika, ingawa haikuvunjika. Mama Pindo alikuwa na haraka, alikuwa na wivu, na alikuwa ameshtuka. Ulimi hauna mfupa.

"Huo waya ukate," akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Na kama huwezi, basi kaa hukohuko na redio yako."

Mangapi alikuwa amemwambia wiki ile yasimfike. Hilo lilimfika. Mzee aliuchomoa waya kwenye gurudumu, akaukunja mkononi taratibu jinsi alivyokuwa akikunja nyaya za kazi, akabeba kiti chake mpaka pembeni kwenye kabati, akakaa. Mgongo wake ukawa ndio unaotazama dirisha.

Hasira hasara, na hasara hii Mama Pindo aliila peke yake. Kile kiti hata kama kilikuwa kimya kilikuwa ubavuni pake, sasa hakipo. Alitamani kusema samahani, lakini samahani ya kupigiwa kelele haiwi samahani, na ya taratibu ilikuwa inamtaka avuke chumba kizima akasimame mbele ya mtu aliyempa mgongo. Akaona haya. Akashona. Alimpelekea chakula pembeni, akapokea sahani pembeni, na waya uliobaki ulikaa mapajani mwa mzee ukiwa umekunjwa vizuri.

Asubuhi moja mzee akamwita kwa mkono. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amenyoosha mkono wa kulia juu, mbele kidogo, mithili ya mtu anayetaka kuchuma embe. Akamwomba ampimie kutoka sikioni mpaka ncha za vidole.

"Nataka kuukata huu waya," akasema. "Nipe kipimo kamili."

Mama Pindo aliitoa tepu shingoni. Akaelewa alivyoelewa: anaupunguza ufike kabatini tu, anahamia pembeni moja kwa moja, anakwenda kuzeekea kule na msoma taarifa wake. Akaweka mwanzo wa tepu kwenye sikio la mumewe, na kidole chake kikagusa mvi za pale. Akapima. Na kwa uchungu tu, ili asije akaonekana anaombaomba mtu akae karibu, akasoma namba ilivyo, bila kuzidisha hata upana wa ukucha. Nadhani shangazi yake aligeuka kaburini. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kutaja kipimo kisicho na pindo. Mzee akakiandika kwa chaki ubaoni mwa meza, akashukuru.

Mama Pindo akafunga sare kwenye furushi akaenda kuzipeleka shuleni. Huko alikaa kuliko ilivyohitajika. Alikunjua pindo la mtoto mmoja ambalo halikuwa na haja ya kukunjuliwa, akalishona upya.

Aliporudi, kitu cha kwanza kuona kilikuwa vumbi la ukuta juu ya cherehani yake. Alitaka kukasirika. Halafu akaona rafu mpya, ubao mmoja imara uliopigiliwa ukutani pale dirishani, juu ya pale anaposhonea, kimo cha mkono ulionyooshwa. Rafu ilikuwa tupu. Redio ilikuwa kwenye meza ya chakula, na mbele yake mzee alikuwa amekaa na chuma cha kuchomea lehemu, bado kinafuka. Waya ulikuwa umeshakatwa na kuungwa pini mpya. Hedifoni zilikuwa kichwani mwake, mkono kwenye kitufe cha sauti, anazungusha.

Alikuwa anazungusha mpaka mwisho, anarudisha, anazungusha tena. Mama Pindo aliutazama uso ule akasahau rafu, akasahau na hasira zake zote. Hakuwahi kumwona mumewe akiogopa, hata ile siku, walipokwisha kuoana, alipoanguka nguzoni akavunjika mguu.

"Limekwenda," mzee akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe. "Mama, na hili la kulia nalo limekwenda. Asubuhi lilikuwepo."

Umbali kati yao ulikuwa wa kupiga kelele, lakini safari hii hakupiga. Alivuka, akamvua hedifoni zile, na kwa kuwa hakujua la kufanya alizivaa yeye. Upande wa kushoto mtangazaji alikuwa anabwata bei za mazao karibu ampasue kichwa. Upande wa kulia, kimya. Akazipigapiga kwa kidole. Kimya tu. Akasimama vile, hedifoni kichwani juu ya kilemba, na bei za mazao zikamwelewesha.

Akazivua, akazigeuza nyuma mbele, akamvisha mumewe: upande unaosema juu ya sikio linalosikia. Mzee akaruka. Akashika meza kwa mikono miwili. Kisha machozi yakamtoka bila yeye kuyazuia wala kuyafuta, na mtangazaji akaendelea kumsomea bei za mahindi.

Mama Pindo akauinua ule mto kidogo, akainama mpaka midomo yake karibu iguse sikio.

"Ni waya, baba," akasema taratibu. "Siyo sikio."

Lilikuwa kosa la mtu wa nguzo. Nyaya za simu ni nene. Ukishamenya ganda la plastiki, umemaliza, shaba hiyo hapo. Nyaya za hedifoni ni nyembamba mfano wa nywele, na kila unywele umepakwa rangi, na rangi hiyo ndiyo ganda lake. Usipoikwangua, lehemu inakaa juu yake vizuri tu, inang'aa, na sauti haipiti. Mzee alikwangua ule wa kijani na ule wa shaba, ule mwekundu akaupita. Fundi wa miaka yote hiyo akatiwa kiwewe na rangi. Alicheka mwenyewe huku pua ikimchuruzika, akaukwangua kwa wembe, akauchoma tena, na mara hii pande zote mbili zikasema. Koleo kuvunjika si mwisho wa uhunzi.

Alipokwisha, hakuzivaa. Alizitundika shingoni, akamwomba mkewe akae upande wa kulia. Akakaa.

"Mimi nikivua hivi vitu, watu wananiuliza mambo," mzee akasema. "Nasema 'ee?' mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu naona aibu. Nikivaa, hakuna anayeniuliza. Ndiyo maana sivui."

"Mimi nilidhani umenichoka."

"Nilikuwa nakutazama mdomo ukishona. Nabahatisha unasema nini." Akatazama meza. "Ile siku uliniambia nikae na redio yangu. Nikafikiri, basi redio nayo ije kukaa na wewe."

Mama Pindo alimwomba msamaha, taratibu, upande wa kulia, na mzee akasikia neno kwa neno. Wagombanao ndio wapatanao. Wengine hupatana kwa lehemu. Kisha wakaiinua redio wote wawili wakaiweka kwenye rafu mpya. Mzee akaleta kiti chake chenye mikono, akakisukuma mpaka kikagota kwenye meza ya cherehani, akakaa kwa heshima zote, akavaa hedifoni, akachomeka pini.

Kichwa kikavutwa upande. Alijaribu kukaa sawa, pini ikachomoka. Akachomeka tena, akainamisha shingo, akabaki vile, anasikiliza taarifa kama kuku anayechungulia mwewe. Waya ulikuwa mfupi. Haukuwa mfupi sana. Mama Pindo hakuhitaji tepu kujua ni kwa kiasi gani, maana kiasi hicho amekikunja kwenye kila sketi aliyowahi kushona.

Mzee alipozivua akamtazama mkewe kwa mashaka. "Ulinitajia kipimo cha wapi?"

"Cha sikioni mpaka vidoleni. Kamili, ulivyoomba."

"Kamili? Na pindo lako?"

"Sikuweka."

"Hukuweka," mzee akarudia. "Mama, mimi nimelitoa. Vidole vinne. Siku zote nalitoa."

Mama Pindo alishika kiuno. Kwa hiyo miaka yote ile? Viti vya wageni, muda wa basi, upana wa kitanda? Mzee akakiri vyote, bila hata kujitetea. Ndipo mkewe akaanza kucheka, akacheka hadi akashikilia cherehani, na mzee ambaye hakusikia sehemu kubwa ya kicheko kile alikiona, akajiunga nacho.

Kiti chenye mikono hakikuweza kusogea zaidi ya pale, meza imekizuia. Lililobaki ni benchi, lile benchi fupi la mbao analokalia Mama Pindo mwenyewe akishona, ambalo hajawahi kumpisha mtu. Akasogea ukutani. Mzee akaketi kushoto kwake, bega kwa bega, sikio la kulia likawa linamtazama yeye, na waya ukatoka kwenye rafu ukashuka mpaka kichwani pake ukatosha, ukiwa umenyooka, mbali na gurudumu. Benchi lililalamika kidogo, likanyamaza.

Wakakaa hivyo jioni ile. Mama Pindo alikuwa na sketi ya kumalizia, na kiwiko chake kilimgonga mumewe kila alipogeuza kitambaa, na mumewe hakuhama. Taarifa ilipokwisha mzee alizishusha hedifoni shingoni, akaanza hadithi ya nguzo yenye nyuki. Akaikosea palepale anapoikosea siku zote, na mkewe akamsahihisha.

Kipande cha waya kilichokatwa kilikuwa bado mezani. Mama Pindo alikiona, akakumbuka kazi yake. Akamwambia kwamba kesho, akitaka, angeweza kuunga tena vile vidole vinne, arudi kwenye kiti chake cha raha, mgongo usimuume.

"Acha ulivyo," mzee akasema. "Mimi sikui tena."

Mama Pindo alikinyakua kile kipande, akakizungushia vidoleni, akakitia kwenye kopo la vifungo pamoja na vitu vingine vinavyoweza kuhitajika. Mguu wake ulikuwa unakanyaga, cherehani inalia, na macho yake yalikuwa kwenye sindano. Hakupaza sauti.

"Huwezi kujua," akasema.

Na mzee akacheka.